Watoto wa Kuazima

Dorkasi hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na siku ile, kwenye mkutano wa kumchagua mwalimu wa chekechea, hakulia. Alikaa kwenye gogo lake, mikono ameikunja kifuani, akamsikiliza Zuhura mpaka mwisho.

"Ndugu wajumbe," Zuhura alisema, kanga yake mpya imemkaa vizuri begani, "mimi sina diploma, na sifichi. Ila nauliza tu, maana mimi ni mgeni hapa Kwemtindi. Mtu amemwachisha mwanawe ziwa leo, kesho kapanda basi kwenda chuoni kusomea malezi. Mtoto kabaki mgongoni kwa bibi yake, mpaka leo bibi ndiye anayeitwa mama. Mtu huyo amelea nani?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwingia Dorkasi kuliko lile swali. Walicheka wanawake aliolima nao, wanaume waliomla ng'ombe wa harusi yake, hata mzee wa kanisa alijifuta mdomo kwa kiganja ili asionekane. Shabani, mwenyekiti wa kijiji, aligonga meza kuwatuliza, lakini naye alikuwa na tabasamu. Zuhura alikuwa mke wa pili wa mdogo wake, ameletwa kutoka Magoma mwaka uliopita tu, na Kishambaa chake kilikuwa bado cha kununulia viazi.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Zuhura akawa mwalimu wa chekechea ya kijiji. Dorkasi, mwenye cheti cha chuo kilichotiwa muhuri, akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kupita nyumba kwa nyumba kuwaandaa watoto na wazazi wao kabla ya siku ya kufungua.

"Ni kazi kubwa hiyo, Mama Marta," Shabani alimwambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Ndiyo msingi wenyewe."

"Nimesikia, Ndugu Mwenyekiti," Dorkasi akajibu. "Nitaifanya."

Njiani kurudi nyumbani, akipandisha mlima, miguu ikiteleza kwenye udongo mwekundu, hakufikiria msingi wowote. Alifikiria kitu kimoja tu: siku ya kufungua, mbele ya mgeni wa wilaya, Zuhura atasimama na kuona jinsi inavyouma kuchekwa na kijiji kizima. Ataonaje, hakujua bado. Ila ataona.

Chekechea yenyewe kila mama aliitamani. Tangu watu wahamishiwe pamoja na shamba la kijiji lianze, wanawake walilima asubuhi nzima huku watoto wadogo wamewekwa kwenye ukingo wa shamba, wanakula udongo na kuumwa na siafu. Wengine waliachiwa dada zao, na dada hao wakakosa shule. Sasa ghala la zamani la kahawa lilikuwa limepigwa chokaa, viti vimegongwa kwa mabanzi ya msonobari, na wilaya imeahidi maziwa ya unga na unga wa uji kila mwezi. Sharti lilikuwa moja: afisa aje mwenyewe, aone watoto kwa macho yake.

Dorkasi alianza kwa Amina, jirani wa bondeni, mama wa mtoto waliyemwita Mgosi.

"Shikamoo, dada," Amina alimpokea, mikono imejaa maganda ya maharage.

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa mgongoni kwa dada yake, miguu inaning'inia karibu na magoti ya yule binti, kidole mdomoni.

"Mshushe," Dorkasi akasema.

"Atalia, dada."

"Alie. Hajafa mtu kwa kulia. Ana miguu, tena minene kuliko ya dada yake. Mshushe."

Mgosi akashushwa, akalia mpaka kamasi zikafika kidevuni. Dorkasi hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alikaa chini, akatoa kwenye kikapu chake shati kuukuu lenye vifungo vikubwa, akaanza kufunga na kufungua, kufunga na kufungua, kana kwamba yuko peke yake duniani. Kilio kikapungua. Mtoto akasogea. Baadaye vidole vyake vyenye kamasi vilikuwa vinapambana na kifungo, na ulimi umemtoka kwa jitihada.

"Sasa wewe," Dorkasi alimgeukia Amina. "Ukienda shamba unamwagaje?"

"Namwagaje? Namtoroka. Nasubiri atazame kuku, napita nyuma ya nyumba."

"Ndiyo maana anakuganda. Anajua ukipotea machoni haijulikani utarudi lini. Kuanzia kesho mwambie: naondoka. Halafu uondoke kweli, usigeuke. Na umwambie utarudi saa ya kula, na saa hiyo urudi hata kama jembe limekwama ardhini. Na hiyo habari ya kumtisha kwamba mwalimu atamchapa, acheni. Mnataka aende shule au akimbie?"

Amina akacheka. "Wewe dada ungekuwa askari."

Ndivyo alivyopita, nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo, walioko juu karibu na msitu na walioko chini karibu na mto. Aliwafundisha watoto kula bada, ule ugali wa muhogo, kwenye sahani yao wenyewe, si kwenye sinia la wote ambako mwepesi hushiba na mzito hulala njaa. Aliwafundisha kwenda chooni bila kushika kanga ya mtu, kunawa, kusema shikamoo kwa Kiswahili na kungoja marahaba. Na aliwafundisha kukaa wakimtazama aliye mbele yao, bila kugeuka nyuma kumtafuta mama. Hilo la mwisho alilirudia kila nyumba, maana alijua siku ya kwanza akigeuka mmoja akalia, wote watalia.

Lilibaki somo moja. Chuoni walilisisitiza, na mtu yeyote wa milima ile angelijua hata bila chuo. Watoto wa Kwemtindi hawakuyajua majina yao ya shule. Mtoto alipewa jina la babu au la bibi, akaitwa hilo na ukoo wote, na lile la msikitini au la ubatizo lilikaa kwenye kadi ya kliniki likingoja akue. Mgosi alikuwa Issa, lakini hakuna aliyewahi kumwita Issa, hata Amina mwenyewe. Darasa la kwanza kila mwaka lilianza hivyo: mwalimu anaita, watoto wanatazamana.

Siku ile ya kwanza kwa Amina, Mgosi alipokwisha kufunga vifungo vyote, Dorkasi alimsogeza karibu.

"Haya, mwanangu. Shuleni utaitwa jina jingine. Ukisikia..."

Hapo barabara ya juu akapita Zuhura. Alikuwa na daftari jipya kwapani, amevaa viatu, anamwambia mtu aliyekuwa naye kwa sauti ya kusikika bonde zima: "Majina nimeshayatoa yote kwenye kadi za kliniki! Mimi sihitaji kuzunguka kwenye mavumbi. Wa kuzunguka yupo!"

Yule mtu akacheka.

Dorkasi akafunga mdomo. Akamtazama Zuhura mpaka alipopotea kwenye kona ya migomba. Kwao Magoma, kama alivyosema mwenyewe mara nyingi, Juma ni Juma kuanzia siku anayozaliwa mpaka anapozikwa. Yule hajui. Hajaingia nyumba hata moja, hajui, na hakuna atakayemwambia, maana kwa wengine wote ni jambo la kawaida mno kusemwa.

"Nikisikia nini?" Mgosi akauliza.

"Basi. Tumemaliza kwa leo."

Akakusanya kikapu chake. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa msichana aliyeitwa na mchumba. Akaenda nyumba iliyofuata, na iliyofuata, akafundisha kila kitu kwa bidii kuliko alivyowahi kufanya, na kila nyumba akaliacha somo lile lile. Wazazi walimshukuru. Wengine walimpa mayai. Yeye akayapokea, akaenda, na usingizi wake wa siku zile ulikuwa mtamu.

Siku ya kufungua, ukungu ulichelewa kuondoka. Landrova ya wilaya ilifika imejaa matope, ndani yake afisa maendeleo, Ndugu Abdallah, mtu mfupi mwenye miwani na kikohozi, na nyuma yake makopo ya maziwa na magunia ya unga. Makopo yakashushwa, yakapangwa kwenye baraza watu wayaone. Wazazi walikaa nje, kwenye nyasi, mlango wa ghala ukiwa wazi mbele yao. Zuhura alikuwa ameagiza mzazi asitie neno, ili mgeni aone watoto wa kujitegemea.

Na walijitegemea. Waliingia kwa miguu yao, wakasema shikamoo kwa pamoja, wakangoja marahaba, wakakaa kwenye mabanzi, mikono mapajani. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyegeuka nyuma. Kule nje kina mama walishikana mikono kwa furaha, na Ndugu Abdallah akatikisa kichwa.

"Nimezunguka vijiji vingi," alisema. "Utulivu wa namna hii sijauona. Mwalimu, hongera sana."

"Asante, ndugu," Zuhura akasema, bila kumtaja mtu mwingine.

Dorkasi, aliyekaa pembeni ya mlango pamoja na mama mkwe wake, akasikia hilo na kuliweka akiba. Sema asante, aliwaza. Sema zote leo.

Zuhura akafungua daftari, akainua kidevu.

"Issa Saidi!"

Kimya. Mgosi alikuwa mstari wa mbele, anamtazama mwalimu wake kwa heshima kubwa.

"Issa Saidi!"

Kule nyasini Amina akajinyoosha, akapunga mkono, lakini mtoto alikuwa amefundishwa asigeuke. Hakugeuka.

"Kristofa Paskali!" Kimya. "Hassani Juma! Rehema Shabani!" Huyo wa mwisho alikuwa mjukuu wa mwenyekiti mwenyewe, na alikaa amefumba midomo kama mtu aliye ibadani. Zuhura akageuza ukurasa, akaurudisha. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akaita tena kwa sauti ya juu zaidi, na sauti ikapasuka katikati, na mtu mmoja nje akacheka, halafu wawili, halafu kikundi kizima cha vijana waliosimama kwenye ukuta.

Dorkasi hakucheka. Alikaa tu na kukinywa kile kicheko polepole kama mtu anywavyo chai ya moto siku ya baridi. Kila sauti aliitambua: huyu alimcheka yeye mkutanoni, na huyu, na yule. Sasa wanamcheka mwingine. Alitazama mikono ya Zuhura ikitetemeka juu ya daftari na akaona ni nzuri kuitazama.

Ndugu Abdallah akavua miwani. Akainama mbele ya Mgosi.

"Unaitwa nani, bwana mdogo?"

"Mgosi."

"Mgosi nani?"

"Mgosi."

Afisa akachukua daftari, akapitisha kidole chini mpaka mwisho. "Hayumo." Akamuuliza wa pili. "Hoza." Hayumo. Wa tatu, binti mwenye meno mapengo: "Mvyele." Hayumo naye. Akanyooka, na uso wake ukawa si ule wa hongera.

"Ndugu Mwenyekiti. Kuna kijiji kimoja, sitakitaja, walituonyesha ng'ombe wa mradi. Tukahesabu, tukafurahi. Wiki ya pili tukawakuta ng'ombe wale wale kijiji cha jirani. Hawa watoto mmewaazima wapi?"

"Astaghfirullah!" Shabani akaruka. "Wa kuazima? Ndugu, hawa ni wa hapa! Yule ni mjukuu wangu!"

"Aliyeitwa mara mbili akakaa kimya?"

"Ndiyo desturi yetu, ndugu. Huku mtoto anakua na jina la nyumbani. La kwenye kadi halijui. Muulize yeyote!"

Kina mama nao wakasimama, wakaanza kupaza sauti, wangu yule, wangu yule. Afisa akainua mkono, akakohoa, akawaza kidogo. Alionekana karibu kukubali. Dorkasi hakujali sana kama atakubali. Zuhura alikuwa ameegemea ukuta, chokaa imemjaa mgongoni, na hilo lilimtosha.

Lakini Zuhura hakuwa amekata tamaa. Alilinyakua daftari, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, akaita jina la mwisho kama mtu anayetupa jiwe gizani.

"Marta Sefania!"

"Nipo, mwalimu!"

Msichana mdogo alisimama wima mstari wa nyuma, mikono nyuma, sauti kama kengele.

Dorkasi akainuka nusu, akakaa tena. Hakuwa amemfundisha. Hakuwa amepanga lolote kuhusu Marta. Aliporudi kutoka chuoni, alimkuta mtoto anaitwa kwa jina la mama mkwe wake, na hakulipenda. Akaapa kwamba mwanawe ataitwa Marta, jina alilomchagulia yeye mwenyewe kabla ya kuondoka, na tangu siku hiyo hakulitamka lile jingine. Alipopita nyumba zote za watu akihesabu nani hajui, nyumba yake aliiruka. Hakukumbuka kabisa kwamba naye ana mtoto wa kuitwa.

Kule nyasini vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama yake.

"Haya," Ndugu Abdallah alisema polepole. "Huyu ni wa hapa. Lakini sasa umenichanganya, Mwenyekiti. Kama ni desturi ya kijiji kizima, huyu kalijuaje jina la kwenye kadi? Nyinyi mlituandikia kwamba mna mtaalamu amepita kila nyumba kuandaa watoto. Mtaalamu wa kufundisha vifungo na kunawa, asifundishe jina? Nani ataamini? Mna mtoto mmoja, na wengine mmekusanya." Akamgeukia dereva. "Pakia. Tunapitia Mgwashi. Huko wana watoto wanaojijua."

Dereva akabeba kopo la kwanza.

Ikawa kelele. Amina aliwapita watu wote, akaja kusimama mbele ya Dorkasi, na hakumwita dada.

"Mama Marta. Umekaa kwangu. Umekula kwangu. Umemfundisha mwanangu mpaka kujipangusa. Jina ulilisahau?"

Dorkasi akalitazama kopo lililobebwa.

"Nakuuliza! Ulilisahau kwetu sote, ukalikumbuka kwako?"

Alikuwa na majibu mawili tu, uongo au kweli. Akisema nilisahau, au akinyamaza, Landrova itaondoka, na Zuhura atabaki mwalimu wa ghala tupu, aliyeaibisha kijiji mbele ya wilaya, na jina hilo halitamtoka maisha yake yote. Ndicho alichokitaka. Kilikuwa pale, kimeiva, cha kunyoosha mkono tu. Kopo la pili likapita mbele yake, na la tatu. Marta alikuwa bado amesimama mstari wa nyuma, maana hakuna aliyemwambia akae. Hakugeuka. Lakini mabega yalianza kumpanda na kushuka, na Dorkasi alijua mtoto ameshaelewa kwamba jibu lake limeharibu kitu.

Akasimama.

"Ndugu Abdallah, mwambie dereva angoje. Watoto ni wa hapa. Mtaalamu ni mimi. Jina sikulisahau, niliacha makusudi."

Dereva akasimama, kopo mikononi.

"Makusudi kwa nini?" afisa akauliza.

"Kazi hii ilikuwa yangu. Nimeisomea. Bi Zuhura aliniangusha kwa matusi, na kijiji kikacheka. Nilitaka asimame hapa asijibiwe na mtu, naye achekwe." Akamtazama Zuhura. "Na amechekwa."

"Na huyu wako?"

"Huyo hakufundishwa. Nyumbani namwita hivyo tu."

"Uongo!" mtu akapiga kelele nyuma, na wengine wakamwitikia, na Dorkasi akaona kwamba katika yote aliyosema, hilo moja la kweli lisilo na ubaya ndilo hakuna atakayeliamini.

Akaingia ndani. "Mgosi, simama." Mgosi akasimama. "Hoza. Ngoda. Mhina. Kihiyo." Wakasimama mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake, na mzazi wa kila mmoja akataja lile la kwenye kadi, na afisa akaweka alama. Ilipofika Kihiyo, ambaye ni Kristofa Paskali, Ndugu Abdallah alikuwa anajizuia kucheka.

"Shusheni maziwa," alisema. Kisha, akimpita Dorkasi mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ungekuwa mwalimu mzuri sana, mama. Ni hatari tu kukuudhi."

Kama Dorkasi alitarajia kwamba maneno hayo yatabadili kura, hayakubadili. Kikao kilikaa pale pale baada ya Landrova kuondoka. Amina ndiye aliyesema, na hakusema kwa hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Zuhura alimtukana mtu mzima mwenzake. Hilo walimalize wao. Wewe ulichukua watoto wetu ukawafanya fimbo ya kumchapia. Mwanangu amekaa pale anaitwa, hajui kama anaitwa. Hapana, mama. Darasani usiingie."

Zuhura akabaki na kazi yake. Mama mmoja mmoja akapanda barazani kumtajia jina la nyumbani la mwanawe, na ukoo wake, na kama anaogopa mbwa, na kama anakojoa akishtuka. Vyote hivyo Dorkasi alikuwa anavijua kwa kichwa, na hakuna aliyemuuliza. Walimpita kama wapitavyo nguzo. Yeye wakampangia kupika uji wa watoto, jikoni nyuma ya ghala, mpaka mavuno.

"Nitapika," alisema.

Siku hiyo jioni mama mkwe wake alikaa naye kumenya viazi. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Ingekuwa leo tena, ungefanya?"

"Ningefanya. Ila Marta ningemwambia anyamaze."

Bibi akaacha kumenya. Akaweka kisu chini, akamshika mtoto mkono, akatoka naye kwenda kwake. Dorkasi akamaliza viazi peke yake. Alijaribu kusikia aibu, maana alijua ndiyo iliyotakiwa. Kilichomjia ni mikono ya Zuhura ikitetemeka juu ya daftari.

Uji aliupika vizuri, hakuwa mtu wa kuharibu chakula. Siku za mwanzo kupitia ukuta wa mbao alimsikia Zuhura akihangaika: anachanganya Hoza na Ngoda, anawapa wote sahani moja, anamtisha mtoto anayelia. Kila kosa Dorkasi alilisikia, akaijua dawa yake, akakoroga.

Asubuhi moja mlango wa nyuma ukafunguliwa. Zuhura alikuwa amemshika Mgosi mkono. Mtoto alikuwa amebana mapaja, machozi yanamlengalenga, anarudia neno moja la Kishambaa kwa sauti ndogo.

"Anasema nini?" Zuhura akauliza. "Tangu saa ile anasema hivyo. Nimempa maji, hataki. Nimempa uji, hataki."

Dorkasi akaendelea kukoroga. "Muulize mama yake."

"Mama yake yuko shamba."

"Wewe si mwalimu? Una daftari. Angalia."

Zuhura hakuwa na ile kanga mpya ya mkutanoni wala kile kidevu cha juu. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Dorkasi alimwona na akaona utamu ule ule ukipanda, na akauacha upande. Darasani watoto walikuwa wameanza kunyamaza, mmoja mmoja, kusikiliza. Mgosi akamgeukia Dorkasi. Alimwambia yeye sasa, mwiko ukiwa katikati yao, kwa neno lile lile, akiwa na hakika kabisa kwamba huyu atasikia.

Uji ukaanza kupanda kwenye ukingo wa sufuria. Akaupuliza.

"Anataka choo," alisema, macho kwenye sufuria. "Mpeleke mwenyewe, usimtume na mwenzake. Usimwache mlangoni, anaogopa shimo. Mshike kwapani, umgeuze atazame nje. Na kimbia, amechelewa."

Zuhura akambeba mtoto mikononi, akatoka mbio, viatu vyake vikilamba matope. Mlangoni aligeuka kidogo.

"Asante, Mama Marta."

"Sikukwambia wewe," Dorkasi akasema, akaepua uji, akaanza kupanga vikombe.